Chakula cha Mgeni

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa nalea watoto wanane nyumbani kwangu Kamenu, mama zao wakiwa kazini viwandani. Kulikuwa na mradi wa kuwapa walezi kama mimi pesa za kununua chakula kwa wakulima wa karibu. Niliomba, nikaambiwa afisa atakuja Jumanne kuona ninachopika.

Sasa mimi, Bi. Mwanarusi, nimwekee mgeni ndengu na malenge? Aibu hiyo siiwezi! Gunia la vyakula hivyo aliloniletea Wakonyo, mkulima wa Ngoliba, nikalisukuma chini ya kitanda. Nikapika wali, nikapaka mkate siagi.

Bi. Wangeci, yule afisa, alitazama sahani za watoto. "Mama, hivi vyote umevitoa wapi?"

"Supamaketi," nikajibu kwa maringo.

Akafunga faili. "Basi hatuwezi kukusaidia. Sisi tunasaidia wanaonunua kwa wakulima."

Hasira zilinipanda. "Nimekupikia vizuri kwa sababu wewe ni mgeni, halafu unaninyima?"

Kabla hajajibu, Maggie wa miaka mitatu akasukuma sahani yake. "Shosho," akaniita, yaani bibi, "sitaki hii. Nataka malenge ya kila siku."

Na wenzake wakasukuma zao, wote saba.

Nikainama, nikalivuta lile gunia mpaka miguuni pa mgeni. Bi. Wangeci alilifungua, akachota ndengu kiganjani, akacheka. Kisha akafungua faili tena, akavuta kigoda akaketi.

"Ndengu zitachukua saa nzima kuiva," nikamwonya.

"Bandika sufuria, mama," akasema. "Hata mgeni anataka kilicho bora."