Taka Haziwekwi Chini

Mimi ni mkuu wa mtaa, na asiyenipenda akanishtaki kwa meya. Huko atanikuta nimeshafika, tena nagomba kumshinda.

Mtaa wetu unaitwa Nyuma ya Hekalu, hapa mjini Lunkeng, na kazi yangu haina mlango wala saa. Kiyoyozi cha fulani kinamdondoshea jirani maji kichwani, naitwa mimi. Mbwa kazaa chini ya jukwaa la hekalu, mimi. Watu wawili wanagombania kivuli cha kuegesha pikipiki, ni Mama Pai njoo, Mama Pai amua. Nikikaa kula bakuli langu la tambi, kuna mtu ameshasimama mlangoni na uso wa msiba kwa sababu taa ya njiani imeungua. Naipenda kazi hii. Nisingeipenda, ningeshawarudishia zamani.

Sasa huyu Meya Tu, wakati anagombea, alikuja kwetu kupeana mikono, mikono yenyewe laini kama tofu. Watu wakamchekea, kura wakampa mpinzani wake. Akashinda hivyo hivyo. Haukupita muda, ofisi ya mji ikatangaza kwamba gari la taka halitaingia tena mtaani kwetu, eti njia ni nyembamba. Nyembamba! Njia ile ile ambayo Wen-kun, dereva wa gari hilo, anaipita tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ikabidi tubebe taka zetu mpaka barabara kuu, ng'ambo ya daraja, tukasimame kwenye moshi wa malori.

Wengine waliniambia ni jambo dogo, niachane nalo. Dogo kwa nani? Hapa kwetu taka haziwekwi chini. Huachi mfuko barazani, huachi kwenye kona. Ukiacha unapigwa faini na majirani wanakusema. Unasikia muziki ambao gari la taka hupiga likija, unatoka na mfuko mkononi, unautupa mwenyewe ndani. Na kwa kuwa kila mtu lazima atoke, kila mtu anaonekana. Pale ndipo nilipokuwa nafanyia kazi yangu ya kweli. Nasimama na ndoo yangu ya makombo, natazama nyuso. Huyu macho yamemvimba, yule kanuniana na mumewe, na mzee wa nyumba ya mwisho leo hajatoka. Hajatoka? Nakwenda kumgongea. Hakuna sheria inayonituma. Waliokuwa wakuu wa mtaa kabla yangu walifanya hivyo, nami nikafanya.

Gari lilipohamishwa, wazee wakaacha kutoka. Babu Yen wa nyumba ya mwisho, yule aliyetushonea viatu sote tangu tukiwa wadogo, akawa haonekani. Mimi nikadhani jirani wa ubavuni ndiye anayembebea taka zake. Jirani wa ubavuni akadhani ni wa mbele. Wa mbele akadhani ni mimi. Kila mtu akalala usingizi mzuri na dhana yake.

Siku moja nikaenda kumwambia habari za chanjo ya mafua, nikamkuta sakafuni jikoni, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Alikuwa pale tangu juzi yake. Mifuko ya taka alikuwa ameipanga bafuni, kila mmoja kaufunga vizuri, maana aliona haya kumwomba mtu ambebee.

"Mien, mwanangu," akasema, akiniita kwa jina langu la utotoni, "leo umechelewa."

Basi. Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Nililia njia nzima ndani ya gari la wagonjwa, na yeye, na nyonga yake iliyovunjika, ndiye aliyekuwa akinibembeleza.

Binti yake akaja kutoka mji wa Kaohsiung. Ni mwanamke wa maneno machache, na hayo machache ni makavu.

"Dada Mien, huyu simrudishi kwenu. Nimempatia nafasi kwenye nyumba ya wazee, karibu na kwangu."

"Kule sitamjua mtu," Babu Yen akasema, akageukia ukutani.

"Baba, hapa unawajua wote, na umekaa sakafuni siku mbili!"

Alisema kweli tupu. Nikamuuliza, "Gari la taka likirudi mtaani, tukawa tunamwona kila siku kama zamani, utamrudisha?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Likirudi kabla hajatolewa hospitali, nitamrudisha. La sivyo, namchukua."

Nikatoka pale moja kwa moja mpaka ofisi ya meya. Akanimiminia chai ya mlimani kwenye kikombe kidogo, akatabasamu.

"Mama Pai, pole sana kwa huyo mzee. Nitampelekea kikapu cha matunda."

"Matunda atayatafuna kwa meno gani? Rudisha gari."

"Hilo ni suala la kitaalamu. Njia haipitiki. Usiingize siasa."

"Siasa umeingiza wewe! Ulihesabu kura za mtaa wetu, ukachukia. Chukia basi, ni haki yako. Lakini usiwakomeshe vikongwe!"

Tabasamu likamwisha. "Kama watu wako wanaona ni mbali, wanunue mikokoteni. Nina kikao."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakaniwasha. Chai yake sikuigusa. Nikarudi mtaani, nikawasha kipaza sauti cha hekalu, kile cha kutangazia misiba na maji kukatika.

"Jamani, mkuu wenu nasema. Tangu leo, mtu asipeleke taka barabarani. Zitunzeni ndani mpaka nitakapowaambia. Na kitu kingine: siku hizi mbili tatu, kuleni samaki. Uduvi pia ni mzuri."

Wakanielewa. Lunkeng wakati wa joto, kichwa cha samaki hakihitaji kusubiri sana kuanza kusema.

Siku ya tatu, mchana, tukaingia ofisi ya mji. Mtaa mzima. Tulivaa barakoa, tulishika mifuko na ndoo, na tulikuwa na adabu ya ajabu. Kila mmoja alichukua namba kwenye mashine, kila mmoja akasimama kwenye foleni. Dada wa kaunta akauliza, "Nikusaidie nini, mama?" Naye anajibiwa, "Nasubiri gari la taka, mwanangu. Usijali, tutasubiri." Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetukana. Harufu tu ndiyo ilipanda ngazi peke yake kwenda kumwita meya.

Akashuka ameziba pua kwa leso.

"Nini hii? Nini hii! Wekeni uchafu huo chini, mtoke nje!"

Dada wa kaunta akaziba mdomo.

"Meya, hebu rudia," nikamwambia. "Unatuamuru tuweke taka chini?"

Nyuma yake ukutani kulikuwa na bango la ofisi yake mwenyewe, na picha yake akicheka, limeandikwa: Taka haziwekwi chini. Hata watoto wa chekechea wanayaimba maneno hayo. Akageuka, akajiona anacheka. Masikio yakamgeuka rangi ya uduvi wetu.

"Nitaita polisi!"

"Ita."

Polisi akaja, kijana wa mtaani kwetu. Alipoingia tu akasimama wima. "Mama! Na wewe umo?"

"Nyamaza," mama yake akamwambia. "Nipokee ndoo, mkono umechoka."

Akaipokea. Angefanyaje? Akasimama na sare yake na ndoo yake ya vichwa vya samaki, na watu wakaangua kicheko, hata makarani. Meya peke yake ndiye hakucheka.

Wakati huo Wen-kun alikuwa anatayarisha gari nyuma ya ofisi. Meya akamwita kwa sauti kubwa, akidhani amepata wa kumsaidia.

"Wen-kun, waambie hawa watu njia yao ikoje."

Wen-kun akafuta mikono kwenye suruali. Nilimwonea huruma, maana huyu ndiye bosi wake, na mwanawe wa mwisho bado anasoma.

"Njia inapita, mheshimiwa. Nakunja vioo tu. Sikuulizwa, ndiyo maana sikusema."

"Twende ukaione mwenyewe," nikamwambia meya. "Panda gari. Au unaogopa?"

Watu wote walikuwa wakimtazama. Akapanda mbele. Nami nikapanda pembeni yake, nikambana. Mtaa mzima ukatufuata kwa miguu na pikipiki, mifuko mikononi. Kwenye kona ya hekalu Wen-kun akakunja vioo, akaingia polepole, akatoka upande wa pili. Hakugusa hata chungu cha maua. Watu wakatupa mifuko yao mmoja mmoja, tena bila haraka, na meya akiwa ndani anasikia kila mfuko unavyoanguka nyuma yake.

"Utajuta, Mama Pai," akaniambia kwa sauti ya chini.

"Nitajuta gari likiwa linapita mtaani kwangu. Juto hilo nalitaka."

Kesho yake wakatangaza kwamba gari linarudi kwa majaribio. Neno hilo, majaribio, aliliweka ili asionekane kashindwa. Na liwe. Tangu siku hiyo mtaa wetu ndio wa mwisho kwa kila kitu. Taa ikiungua, hawaji. Napanda ngazi yangu mwenyewe. Mfereji ukiziba, naambiwa nisubiri. Nasubiri mlangoni kwake. Anadhani nitachoka. Hajui alichokianzisha.

Binti wa Babu Yen hakuvunja ahadi. Alimleta mwenyewe, na fremu ya kutembelea, na maelekezo mengi kwangu kana kwamba mimi ni yaya. Jioni ile gari lilipokuja, mlango wa nyumba ya mwisho ukafunguka, Babu Yen akatoka. Amening'iniza kwenye fremu kimfuko kidogo, ndani yake maganda ya chungwa tu. Nikamkimbilia.

"Lete, Babu, nikutupie."

"Ondoa mkono wako," akasema. "Nina miguu."

Hatua moja, anapumua. Nyingine, anapumua. Wen-kun alikuwa na mitaa mingine ya kwenda, na amri ya meya ilikuwa kwamba akichelewa hata kidogo majaribio yanafutwa. Akanitazama kutoka dirishani. Nyuma yake pikipiki zikaanza kupiga honi.

Nikaenda nikasimama katikati ya njia, mbele ya gari, mikono kiunoni.

"Honi za nini?" nikawapigia kelele. "Hamwoni kuna mtu anatupa taka zake?"

Wen-kun akazima injini. Pikipiki nazo zikanyamaza moja moja, na sote tukasimama pale mpaka Babu Yen alipofika.