Kikombe cha Maji Sakafuni

Torunn alimwambia baba yake aje saa nane kuona mashine mpya ya kuoshea vyombo, na fundi aje saa nne. Alipanga makusudi, ili mzee akifika akute kazi imekwisha, wanywe kahawa yao, na neno fundi lisitajwe kabisa. Saa nne kasoro dakika tano, baba yake, Oddvar, alikuwa mlangoni anavua viatu, sanduku la spana mkononi.

"Nimewahi," alisema. "Mashine iko wapi?"

Ilikuwa ukumbini, bado ndani ya boksi, na Eilif, mwana wa Torunn wa miezi minane, alikuwa analigonga kwa kijiko.

Ile ya kwanza, ya kuoshea vyombo kama hii, Oddvar aliifunga mwenyewe miaka miwili nyuma. Huyu ni mtu aliyejenga nyumba yake ndogo ya mlimani ubao kwa ubao. Kwake, kuita fundi ni kama kumwomba jirani akufungie vifungo vya shati. Wiki ya tatu maji yakapenya hadi dari ya jirani wa chini. Kamati ya jengo ikaandika barua: mashine nyingine ifungwe na fundi mwenye cheti, la sivyo isiwepo. Tangu hapo mzee hakuitaja tena, na Torunn akaosha vyombo kwa mkono, siku hizi mtoto mgongoni. Hakuogopa maji. Aliogopa kuuona uso wa baba yake siku fundi akiingia.

Kengele ikalia. Mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano aliinama kizingitini, akavika buti zake mifuko ya plastiki ya buluu. "Mimi Åshild," alisema.

"Huyu nani?" Oddvar aliuliza.

"Fundi wa bomba, Baba."

"Na mimi nani?"

"Wewe ni babu. Mshike Eilif."

Akamshika, lakini hakukaa. Alisimama mlango wa jikoni kama askari wa forodha. Åshild hakujali. Alijilaza chali chini ya sinki, akapitisha vidole juu ya kila kiungo polepole, kisha akapangusa kwa karatasi laini na kuitazama kama imelowa. Torunn alisahau birika motoni. Alikuwa hajawahi kuona mtu akisikiliza bomba kwa mikono namna ile.

"Nani aliufunga mpira wa maji machafu juu hivi?" Åshild aliuliza kutoka kabatini.

"Mimi," Oddvar alisema, kama mtu anayekiri.

"Umeufunga vizuri. Wengi huuacha ulale chini, uchafu unarudi kwenye mashine. Na huu mpya nitaupitisha hapo hapo."

"Sasa ilivuja wapi?"

"Hapa. Ulikaza mno, mzee, kipete cha mpira kilichomo ndani kikapasuka."

"Kule mlimani ndivyo tunavyokaza."

"Kule mlimani chini yako wanaishi panya tu."

Oddvar alicheka kwa pua. Akamrudishia Torunn mtoto, akapiga magoti sakafuni. "Haya, binti. Nionyeshe."

"Kaza nati kwa mkono mpaka igome. Halafu spana, robo mzunguko. Ukitamani kuongeza, kunywa kahawa kwanza."

Mashine ilipokaa mahali pake, Åshild alilaza chini yake kamba nyembamba iliyotoka kwenye kisanduku cheupe alichokifunga kwenye bomba. Akaomba kikombe cha maji, akamkabidhi Oddvar.

"Mwaga."

"Sakafuni?"

"Hapo kwenye kamba."

Mzee alimtazama binti yake. Kwenye sakafu ile ile iliyovujia kwa jirani. Akainamisha kikombe, maji yakamwagika. Moja, mbili, tatu. Kisanduku kikapiga mlio na kitu ndani ya bomba kikajifunga, ta. Torunn alifungua koki: tone moja, basi.

"Kinanusa maji kabla jirani hajayaona," Åshild alisema, tayari anapangusa. Alifungua maji tena, akajaza cheti kwa mwandiko mdogo ulionyooka, akaweka karatasi mezani.

Oddvar aliisoma mara mbili. Kisha akaichukua, akashuka ngazi na soksi zake. Torunn alisimama juu na Eilif begani, akasikia mlango wa chini ukigongwa, ukifunguliwa.

"Habari za leo," ilikuja sauti ya baba yake. "Nimekuja kukuonyesha hii. Tumeita fundi."

Tumeita, amesema. Torunn alirudi jikoni kumimina kahawa, vikombe vitatu.