Chipu Iliyong'olewa Ingali Baridi

Byukusenge alikuwa amesema waziwazi: mtu asiguse simu ya Papa, baba yake, mpaka yeye arudi kutoka Sake na dawa ya lehemu. Simu ilikuwa imeingia maji na kufa, na kufa kwake si hoja. Hoja ilikuwa picha iliyomo. Karatasi ya umiliki wa mlima wao wa kulima iliteketea pamoja na nyumba mwaka ule walipokimbia vita, ikabaki picha yake tu, ndani ya chipu ndogo kama ukucha, ya kung'olewa na kusomwa kwenye mashine nyingine. Kesho Papa, mzee Sebahire, angesimama mbele ya chefu, mtawala wa eneo, aulizwe mlima ni wake kwa ushahidi gani.

Alirudi saa nane mchana, akakuta chipu imekatika vipande viwili juu ya meza ya kibanda chao cha kutengeneza simu, pale Mushaki. Kaka yake Philippe alikuwa anafuta mikono.

"Nilitaka kukusaidia tu. Ilivunjika yenyewe."

"Yenyewe!"

Aliinusa bodi ya simu: haikunuka moto. Akagusa mdomo wa mashine ya hewa moto: baridi tupu. Lehemu ilikuwa ngumu vilevile, haijayeyuka hata kidogo, na pembeni palikuwa na mikwaruzo ya bisibisi.

Chipu haing'olewi kama jino, jamani! Unaipaka dawa, unaizungushia hewa moto polepole, unangoja. Ukiigusa kwa kibano ikacheza, lehemu imeyeyuka. Hapo unaiinua bila nguvu. Philippe ndiye aliyemfundisha haya, na siku Byukusenge alipovuta mapema alimchapa vidole kwa waya.

"Kaka, leo njo umesahau kazi? Miaka kumi haujavunja hata moja!"

Philippe akatazama barabarani. "Mulima ule iko na faida gani? Kila vita tunakimbia. Kuko patro wa Goma, tajiri mumoja, nilishamupatia neno. Atatupatia parseli, kiwanja ya kujenga kule mujini."

Kumbe mlima ulishatolewa, na aliyeulima tangu ujana wake hana habari! Byukusenge akaona haya kuitwa dada wa mtu huyu.

Mzee Sebahire alikuwa kwenye benchi mlangoni. Alisikia yote.

"Sasa kesho nitaonyesha chefu nini?" akauliza.

Philippe akajaribu kupita atoke. Byukusenge akamkamata kola ya shati kwa mikono miwili.

"Papa, utamuonyesha huyu."