Poda Kichwani mwa Anaïs

Warda msusi ndiye aliyeileta habari saluni, huko Ubelgiji. Alikuwa ametoka mtaa wa Woluwe kumsuka mteja, akapita mbele ya baa ya wanafunzi wa udaktari, kelele hadi barabarani.

"Matokeo yametoka," alisema. "Na Anaïs wenu nimemwona kwa macho yangu. Ana bia mkononi, anaimba!"

Maman Anne-Marie, shangazi wa Anaïs, hakuuliza la pili. Aliinuka kitini, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Kwao Lubumbashi, mtoto akianguka mtihani anajifungia chumbani, bukari, ugali wa kwao, hali, majirani wanapita wakinong'ona. Anayeonekana baa akiimba, huyo amepita. Nani asiyejua hilo?

"Donat!" alimwita shemeji yake. "Kamata simu. Tunaenda kumumwangia mutoto poudre."

Maana kwao mtoto aliyefaulu hapewi mkono tu. Anamwagiwa poda kichwani, atembee mweupe mtaa mzima, kila mtu ajue. Walinunua poda ya watoto kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, na kila duka walilopita Maman aliacha tangazo: "Mutoto ya kaka yangu! Docteur!" Ndani ya metro Donat akamwandikia Banza, baba wa msichana, kule Lubumbashi: Amepita.

Baa ilikuwa na joto la tanuri, sakafu inanata bia, kila mtu anapiga kelele sikioni mwa mwenzake. Anaïs alisimama juu ya benchi, ameshikana mabega na wenzake. Maman alipiga vigelegele vilivyozima muziki, akamwaga. Poda ikaingia kwenye nywele, shingoni, ndani ya glasi.

Baa nzima ilishangilia bila kujua inashangilia nini. Vijana wa Kibelgiji wakajipanga, wakainamisha vichwa, nao wamwagiwe. Maman alicheka hadi machozi: watu wote hawa, na yeye katikati! Meza moja tu haikucheka. Meza ya Anaïs.

Florent, kijana wa Bukavu aliyesoma naye, alimshika Maman kiwiko.

"Maman, tutoke inje kidogo."

"Inje kufanya nini? Weye pia inama!"

"Miye nimepita, Maman. Anaïs hapana. Ata deuxième session, ile mutihani ya kurudia, ameanguka. Mwaka yote imepotea."

"Ameanguka, na anaimba?"

"Hapa tunakunywa pamoja, wenye kupita na wenye kuanguka. Alijifungia kwake. Siye njo tulienda kumutosha inje."

Anaïs alikuwa ameshuka kwenye benchi. Hakulia. Alikuwa anafuta miwani kwa pindo la shati, na shati nalo lilikuwa limejaa poda, kwa hiyo alizidi kuichafua. Maman alitafuta pa kuficha kopo la poda, akakosa.

Simu ikalia. Donat, ambaye hakuwa amesikia kitu, alipokea, akafungua sauti yote.

"Allô! Mutoto iko wapi?" Ni Banza. "Musikie kelele ya huku!" Nyuma yake sufuria zilikuwa zinapigwa, wanawake wanaimba.

"Tantine," Anaïs alimwambia shangazi yake polepole, "nilipenda nimuambie papa miye mwenyewe. Kesho."

Hapo Donat akaelewa. "Bon, nakata," alinong'ona. "Tutasema réseau ya simu ni mubaya."

Maman akamnyang'anya simu. Akikata, Lubumbashi watacheza mpaka asubuhi, na kesho mtoto atawakatizia furaha hiyo peke yake.

"Banza, ni miye. Simamisha bantu. Mutoto hakupita."

"Unasema nini?"

"Hakupita. Yeye hakudanganya muntu. Miye sikumuuliza. Nilisikia anaimba, nikamumwangia poudre mbele ya bantu."

Walioimba karibu na Banza walinyamaza. Wa uani hawakuwa wamesikia. Waliendelea kulitaja jina la Anaïs kwa furaha, na Maman akasikia wanavyonyamazishwa, sauti moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki ya mtoto mdogo.

"Mumupatie simu," Banza alisema mwishowe.

Anaïs aliipokea, akatoka nayo nje, mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Maman alitaka kumfuata. Florent akatikisa kichwa.

Maman alibaki dirishani. Nyuma yake vijana walikuwa wameanza wimbo mwingine. Kule nje msichana aliongea kidogo, kisha akasikiliza kwa muda mrefu, mkono kwenye paji la uso. Maman hakusikia neno, na mara hii hakujaribu kusikia.