Tawi Lililopandishwa Cheo

Usiku wa jana, baada ya kula wali wa nazi mara mbili ya haki yangu, niliota nimesimama kwenye lango la Msitu wa Ngezi nikisubiri wageni. Hilo si la ajabu. Mimi, Shaame Faki, huwaongoza watu kutazama ndege wa Pemba, na kusubiri ndiyo sehemu kubwa ya kazi. La ajabu ni kwamba safari hii wageni walikuwa ndege, na waliyekuja kumtazama ni mimi.

Wamepanga foleni, darubini shingoni. Baadhi wamevaa zile fulana zenye mifuko kumi na minane ambazo mgeni hununua kwao ili aje kutia humo biskuti moja. Ndege mmoja ananitazama kwa muda, anashusha darubini, anamnong'oneza mwenzake kwamba picha ya kitabuni ilikuwa nzuri zaidi.

Nyuma ya meza ya lango amekaa ninga. Kwa wasiomjua, ninga ni njiwa wa kijani, na huyu wetu haishi popote duniani ila Pemba, jambo ambalo limempa kiburi cha karani wa muda mrefu. Aliniambia nijiandikishe kwenye daftari la wageni. Nikamwambia mimi si mgeni, nimezaliwa Konde, hapo hapo karibu. Akasema hayo wataamua wao wakishaniona vizuri.

Mtu mwenye moyo safi angecheka akaenda zake. Mimi sikucheka, kwa sababu mchana wa siku hiyo hiyo nilifanya jambo, na nilijua kwamba nimelifanya.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna mama mmoja, Mwalimu Kokuhirwa, amestaafu, kwao Bukoba. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha watoto habari za wanyama na ndege, na kila mwaka alimchora ubaoni kwa chaki bundi wetu wa Pemba, yule mdogo mwekundu, akiiga kutoka kitabuni. Aliniambia mwili aliuweza, macho yakamshinda kila mwaka. Basi akavuka nchi nzima na maji ya bahari ili ayaone macho hayo mara moja kabla miguu haijamgomea.

Tulimtafuta siku tatu. Bundi huyu naye hapatikani kwingine, na siku hizo tatu aliamua kutopatikana hata hapa. Siku ya tatu mvua ikatunyeshea, viatu vyangu vikajaa maji, na juu ya mti nikaona tawi lililovunjika, limesimama wima, majani makavu kichwani. Nikasema, "Yule pale, Mwalimu. Amelala." Mwalimu alitazama kwa darubini kwa muda mrefu, akalia. Akatoa daftari lake, akaweka alama ya vema mbele ya jina la bundi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nikamwambia karibu tena Pemba.

Sasa ninga ananionyesha kiti kilicho pembeni ya meza. Kwenye kiti limekaa tawi lile lile. Limechanwa majani yake vizuri na limekunja mguu ambao halina.

"Bwana Shaame, unamjua huyu?"

"Ni tawi," nikasema.

"Ni bundi," ninga akasema. "Imeandikwa."

Tawi likaniinamia kwa adabu. Likasema linanishukuru sana, kwani limesimama pale miaka sita na hakuna aliyelitazama mara mbili, na jana, bila usaili wala kumjua mtu, limepata kazi ya kudumu. Likaniuliza bundi huanza kazi saa ngapi. Nikasema magharibi. Likasikitika, likasema saa hizo ndizo limezoea kulala.

Nikauliza bundi mwenyewe yuko wapi. Ninga akasema nafasi ni moja tu, haziwezi kuwa mbili, kwa hiyo aliyekuwepo amehamishiwa nafasi iliyobaki wazi. Akanyoosha bawa juu.

Naangalia juu. Bundi amechomekwa kwenye mti, pale pale tawi lilipovunjikia, amekauka kwa kujikaza. Kifuani pake kobe anapanda polepole, sijui kwa nini, na bundi hawezi kumwambia kitu kwa sababu matawi hayaruhusiwi kugomba. Macho ameyafumba.

"Habari za huko juu?" nikamuuliza, maana sikuona la kusema.

"Nnashukuru," akajibu. "Wameniambia nichipue mwisho wa mwezi. Nshajaribu mara mbili, natoka jasho tu."

"Pole sana."

"Njaa ndiyo inayoniuma, Bwana Shaame. Tawi halili, wanasema linanyonya kutoka chini. Mie sijui kunyonya kutoka chini."

Nikaona haya. Si haya ya kuigiza mbele ya watu, bali ile inayopanda masikio yakawa ya moto. Nikamwambia ninga kwamba kosa ni langu, afute hiyo vema, mambo yarudi yalivyokuwa. Ninga akasema mambo hayaendi hivyo, kwanza lazima nitambuliwe, maana lango halipokei malalamiko ya kiumbe kisichojulikana.

Wakaanza kunitambua. Sheria ya kutambua naijua vizuri, mimi mwenyewe huwasomea wageni kila asubuhi nikiwa nimeweka mikono kiunoni: usiandike jina la ndege mpaka uone alama tatu. Foleni nzima ikanyanyua darubini.

"Kofia ya kijani," akasema wa kwanza. Ninga akaandika.

"Sauti ya kujiamini," akasema wa pili. Ninga akaandika.

Ya tatu wakaitafuta. Walinitazama mbele, wakanizunguka, wakanitazama nyuma. Chozi mmoja, kale kandege kadogo kanakonyonya maua, akaingia sikio la kulia akatokea la kushoto, akatikisa kichwa.

"Alama ya tatu ya mwongozaji ni ukweli," ninga akasema. "Haikuonekana."

Akaandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri: *Kitu kama mwongozaji. Mbali. Mwanga hafifu.* Kisha akapiga muhuri. Nilitaka kulalamika, lakini nilipofungua mdomo nilikuwa kweli niko mbali, na mwanga ulikuwa hafifu.

Niko mbali, na msitu si msitu tena. Miti yote imelala chini, imekuwa mistari ya buluu iliyonyooka, na mimi natembea juu ya karatasi. Ni daftari la Mwalimu. Nayajua maandishi yake, makubwa, ya mtu aliyezoea kusomwa na watoto wa dawati la nyuma. Mbele yangu imesimama vema ya jana, ndefu kama mnazi, nyeusi, inang'aa kidogo. Nikaigusa, mkono ukawa mweusi. Penseli. Muda wote nilidhani ameandika kwa kalamu, na kwa kweli nilikuwa nimejituliza kwa hilo: nimejiambia limeshaandikwa, halifutiki, tuendelee na maisha.

Nikaifuta kwa kiganja. Haikutoka. Nikaifuta kwa kofia. Ninga alikuwa amekaa pembeni ya ukurasa, meza yake pia ipo, akanitazama kama karani anavyomtazama mtu anayesukuma mlango wa kuvuta.

"Hufuta aliyeandika," akasema. "Wewe hukuandika. Wewe ulisema tu."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa kifutio cheupe, kidogo, akanipa. "Mpelekee. Gari la kumpeleka bandarini linakuja saa mbili. Akishavuka nalo daftari, imekwisha. Huyu atabaki tawi, na yule mama ataenda kuwahadithia watu habari za kuni."

Bundi akashuka mpaka pale tulipo, mti wake ukimfuata nyuma. Akainama kwenye mkono wangu kana kwamba anataka kukikagua kifutio. Akaking'ata pembeni, akatafuna taratibu.

"Samahani," akasema. "Nshakwambia nna njaa."

Kisha akafumbua macho. Ya manjano, makubwa, na hayana hasira hata kidogo, jambo lililonikera kuliko kama yangekuwa nayo. Akanitazama mpaka nikaamka.

Jua lilikuwa limeshapanda na mke wangu Mize alikuwa jikoni anageuza chapati. Nikalala pale nikifurahi. Ndoto tu, wali tu. Nikajipangia siku yangu kwa utulivu: Mwalimu ataondoka zake na furaha yake, mimi nitakaa kimya, na bundi atajijua, yeye ndiye aliyekataa kutokea siku tatu. Niliona ni mpango usiomuumiza mtu.

Mize akaingia na chai. Akaniuliza mbona nimelala nimekunja ngumi, nimegombana na nani.

Nikafungua mkono. Ndani mlikuwa na kifutio cheupe, kidogo, kimeng'atwa pembeni.

Nyumbani kwetu hakuna kifutio. Hakuna hata penseli. Nikavaa viatu, bado vina maji, nikaondoka na Mize akiniuliza ninakwenda wapi bila ya chai.

Mwalimu alikuwa barazani kwenye nyumba ya wageni, gari limeshafika, dereva ameegemea mlango. Mkoba wake ulikuwa wazi na vitu vyake vyote amevitandaza juu ya kiti: miwani, vidonge, kanga, daftari.

"Shaame, mwanangu," akasema, "hujaona kifutio changu? Jana nilikuwa nacho, asubuhi hii sikioni."

"Mwalimu," nikasema, "lile lilikuwa tawi."

Hakushtuka. Akakaa taratibu juu ya ngazi, akafungua daftari, akanionyesha. Chini ya vema alikuwa amelichora, mwili, majani ya kichwani, kila kitu, kasoro uso.

"Najua," akasema. "Nilipokaa kulichora nikakosa mahali pa kuweka macho. Nikasema nilifute mwenyewe, kijana wa watu asione aibu."

Nilitamani aniseme vibaya. Hakunisema. Akamwambia dereva aende tu, arudi kesho kutwa, kisha akaniuliza kama jioni naweza kumrudisha msituni. Nikasema naweza. Nikampa kifutio.

Akafuta vema, akapuliza mavumbi, akakigeuza kifutio kwenye mwanga.

"Kimetafunwa na nini hiki?"

"Bundi," nikasema.

Mwalimu Kokuhirwa alivua miwani akanitazama sana, vile walimu wanavyomtazama mtoto ambaye ndiyo kwanza amesamehewa. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia kweli kuhusu bundi, na hakuniamini.