Nasaba ya Njiwa Weupe

Mzee Hamid wa Kibokoni alikuwa na nasaba mbili, zote zimeandikwa na babu yake kwa mkono mmoja. Ya ukoo ilikuwa ndani ya fremu ukutani sebuleni, ikipanda baba kwa baba mpaka Hadhramaut. Ya njiwa wake weupe pe ilikuwa ndani ya daftari, na hiyo aliiteremsha barazani kila Alhamisi akawasomea watu ambao wala hawakumwomba.

Kila kinda ameandikwa mama yake na baba yake, na hakuna mgeni aliyeingia. Ila mahali patano, badala ya jina la baba, babu aliandika maneno mawili tu: "Nilikuwa msikitini." Hapo Hamid hutua.

"Watu humsingizia babu yangu kwamba msikitini haonekani ila Idi," husema. "Haya, ushahidi wa maandishi huu hapa."

Basi nasaba ilikuwa nzuri, lakini njiwa wenyewe walikuwa wanakwisha. Babake alimwachia arobaini, sasa wamebaki sita. Mayai yalikuwa viza mwaka mzima. Kinda aliyebahatika kuanguliwa alitoka na miguu ya kombo, na kunguru akitua darini, yeye humtazama tu kama mgeni aliyeleta zawadi. Hamid aliumia moyo, tena sana. Hakutaka awe yeye ndiye wa kulifunga daftari la babu.

Lawama aliwatupia kunguru. Alitega mtego wa waya kwa matumbo ya samaki, na mwaka wa kwanza akanasa thelathini. Mwaka wa tatu alinasa mmoja, naye alikuwa chongo.

"Baba, umewaua wale wasiokuogopa," alisema binti yake Afaf, mwalimu wa bayolojia. "Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, kisha ndiye anayebaki kuzaa, na wanawe wakarithi woga wake. Hawa werevu umewazalisha wewe."

"Mimi nizalishe kunguru?"

"Na njiwa umewafanyia kinyume. Kila mkali na kila mwenye doa ulimpeleka Marikiti akauzwe. Ukabakisha weupe na wapole, ukawaoza kaka kwa dada. Kasoro iliyojificha kwa mama ikakutana na ileile kwa baba, ndiyo hayo mayai viza. Hawa wanataka damu ya nje."

Nicanor, mpangaji wa chini, kijana wa bara aliyefanya kazi reli, alikuwa na njiwa dume wa kijivu. Alimwokota stesheni amevunjika bawa, akamuuguza mpaka akapona.

"Mzee, mimi naweza kukuazima wangu," alisema kwa adabu.

"Ahsante, mwanangu. Lakini huyo wako hata babake hajulikani."

"Hajulikani, mzee. Lakini anakula vizuri."

Wiki ile mayai mengine mawili yakaoza. Siku ya pili yake, kabla ya alasiri, Hamid alipanda darini, akashuka, akapanda tena. Wa kijivu alikuwa juu ya ukuta amevimba shingo, anaguruma. Jike mmoja mweupe alikuwa anamchungulia kupitia waya wa tundu. Hamid akafungua mlango wa tundu ili hewa ipite, kwa sababu joto lilikuwa kali na mnyama naye ana roho. Kisha akaenda zake msikitini, akakaa huko mpaka magharibi, hata watu wa safu ya mbele wakashangaa. Joto lile lilidumu wiki nzima.

Mwezi uliofuata walianguliwa makinda wawili, kila mmoja kiota chake. Mmoja alitoka mweupe. Wa pili alipoota manyoya, alikuwa wa kijivu, na mistari miwili myeusi kwenye kila bawa.

"Baba, huyu rangi hii kaitoa wapi?" Afaf aliuliza.

"Rehema za Mungu hazichagui rangi."

Siku makinda walipotoka tunduni, kunguru alitua. Mweupe alibaki pale pale akimtazama, akachukuliwa, na Hamid machozi yakamlenga. Wa kijivu alikuwa keshaingia chini ya tangi la maji.

"Huyu mtunze," Afaf alimwambia. "Weupe amebeba ndani, umefunikwa tu na kijivu. Ukimwoza kwa mweupe, kama nusu ya wanawe watatoka weupe, na hadhari ya baba yao watairithi."

"Weupe kabisa? Kwamba hakuna atakayejua?"

"Ila uandike wewe."

Hamid akafungua daftari. Mama aliandikwa mara moja. Kwa baba kalamu ikagoma. Kumdanganya babu hakuweza, na kumwandika njiwa wa stesheni hakuweza vilevile. Akafunua kurasa za nyuma aone wazee walifanyaje, akakutana na yale maneno mawili. Akayasoma mara tano, mahali patano. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akaandika mahali pa baba: "Nilikuwa msikitini."

Afaf alisoma begani kwake.

"Baba," akasema, "na ile ya ukutani si mkono huu huu?"

Hamid aliacha kucheka. Akashuka sebuleni, akaiteremsha fremu na kuigeuza. Misumari minne midogo ilishikilia ubao wa nyuma, na upana wa fremu ulikuwa umefunika pambizo zote za karatasi, na lolote lililoandikwa humo. Akaugusa msumari wa kwanza kwa ukucha. Ulikuwa umelegea.

Akairudisha fremu ukutani, akainyoosha vizuri, akachukua kofia yake, akaenda msikitini.