Mstari wa Bi Mwendo

Bi Mwendo hakulipata jina hilo kwa kutembea haraka. Alikuwa mwanamke wa mwili, goti la kulia lilimsumbua, na ngazi za ofisini alizipanda huku akizitukana kimoyomoyo. Jina lilitokana na kazi. Miaka sita nyuma aliandika upya programu ya kupokea pakiti, yaani vile vipande vidogo vinavyopatikana kila simu au picha inapokatwakatwa ili isafiri, na mashine iliyokuwa ikipokea pakiti milioni sita kwa sekunde ikaanza kupokea milioni tisa. Wenzake wakamvika sifa, sifa zikamkaa, na tuseme ukweli, alizifurahia.

Sasa mashine hiyo hiyo ilikuwa inaanguka. Siku kumi na moja mfululizo waliipa mzigo kamili wa majaribio, na siku kumi na moja haikumaliza dakika ishirini. Mwezi uliofuata ilitakiwa kubeba simu za dharura za mji mzima: moto, ajali, mama aliyeshikwa na uchungu nyumbani. Kila ilipoanguka ilitema malalamiko yale yale. Kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayozigawia programu zote kumbukumbu, kilikuwa kimekwenda kusoma mahali pasipokuwepo. Ni kama kumtuma mtu akachukue mzigo kwenye nyumba ambayo haijajengwa.

Mchawi naye alikwisha kupatikana. Alikuwa Mama Pacha, mhandisi aliyeajiriwa miezi mitatu iliyopita, mtu wa maneno machache, ambaye mabadiliko yake ya kwanza makubwa, mistari themanini ya kuhesabu pakiti, yaliingizwa Jumatatu ile ile mashine ilipoanza kuanguka. Muda wake wa majaribio ulikuwa unaisha leo. Saa nane mchana Meneja angemwita na kumwambia asante, kwaheri. Na uamuzi huo ulisimama juu ya karatasi moja, iliyoandikwa jana yake na Bi Mwendo kwa mkono wake mwenyewe: "Hitilafu imeanza siku mabadiliko yake yalipoingia. Sioni chanzo kingine."

Sasa mtu atauliza, kama alikwisha kuhukumu, mbona saa mbili asubuhi alikuwa bado amejiinamia mezani? Si huruma. Ilikuwa ni majivuno. Mistari ile themanini alikuwa ameisoma mara tatu na hakuuona ubovu wenyewe, na Bi Mwendo hakuwa mtu wa kusema "nadhani" mbele ya watu. Alitaka aingie kikaoni, aweke kidole juu ya mstari mmoja, aseme "huu hapa".

Alizichapa taarifa zote kumi na moja za maanguko, akazipanga mezani kama mtu anayechagua vitambaa, akashika kalamu nyekundu. Mlinzi, ile programu inayochungulia kila kinachosomwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu, hakuwa na la kusema. Wakimwasha, mashine ilipunguza mwendo na kukaa usiku kucha bila kuyumba. Wakimzima, ikaanguka. Kwa hiyo zilibaki karatasi tu. Katika kila moja palikuwa na namba ndefu, ile anwani ya uongo ambayo kiini kilijaribu kuifuata. Timu nzima ilikuwa imekubaliana kwamba namba hizo ni takataka.

Lakini takataka hazijirudii. Katika karatasi ya tatu, ya saba na ya kumi, namba ilikuwa moja, tarakimu kwa tarakimu.

Bi Mwendo akaizungushia wino. Mashine huandika namba zake kinyumenyume, kwa hiyo akaigawa mbilimbili na kuisoma kutoka mkiani. Jozi sita za mwanzo zikamkodolea macho. Hiyo haikuwa anwani ya kumbukumbu hata kidogo. Ilikuwa namba ya kadi ya mtandao, ile ambayo kila kadi hutoka nayo kiwandani, na ambayo huandikwa mwanzoni kabisa mwa kila pakiti inayoelekea kwake. Shida ni kwamba namba ya kadi yao aliijua kwa moyo kama anavyojua tarehe ya kuzaliwa kwake, na hii haikuwa yenyewe.

Akashuka chumba cha mashine, goti likilalamika. Humo ndani feni zilivuma na baridi ilikuwa ya kukatisha tamaa. Fundi wa nyaya, bwana mwembamba asiyevua koti lake hata kiangazi, alikuwa amechuchumaa nyuma ya kabati akifunga nyaya kwa utepe.

"Anayeshuka huku hulipa elfu moja," alisema bila kugeuka. "Wakubwa mkishuka mnaleta balaa."

"Nisomee namba iliyo kwenye kadi ya mashine yetu inayoanguka."

Alimulika kwa tochi, akasoma taratibu. Bi Mwendo alifuatisha kwa kalamu kwenye karatasi, jozi baada ya jozi, na zote zikalingana.

"Hii kadi umeiweka lini?"

"Jumatatu ile. Ya zamani ilikuwa inapata joto. Hii ni mpya, toleo jingine, mali safi."

"Mbona haipo kwenye daftari la mabadiliko?"

Fundi akageuka sasa, uso mkavu. "Dada yangu, daftari lile ni la wanaoandika programu. Mlisema wenyewe. Miaka yote nabadilisha vyuma humu, nani amewahi kuniuliza? Mimi kwenu ni mtu wa bisibisi."

Ilikuwa kweli. Hivyo ndivyo walivyozoea. Mstari mmoja wa programu ukibadilika, wanaweka sahihi watu watatu. Chuma kikibadilika, anajua fundi na kabati lake.

Alipopanda ngazi, mambo yalikuwa yanajipanga yenyewe kichwani, na aliiona raha ile aliyoizoea, raha ya fundo linaloanza kulegea. Mwanzo wa pakiti ulikuwa umeandikwa juu ya kumbukumbu ya kiini. Mistari ya Mama Pacha ilihesabu pakiti tu, haikuandika pakiti popote. Anayeandika pakiti ni kadi yenyewe, tena huandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia kichwa cha mashine, ndiyo maana mlinzi hakuiona. Alikuwa amelinda mlango wakati mgeni anaingilia dirishani. Basi kadi iliandika mahali ambapo hapakuwa pake tena. Nani alipachukua kabla haijamaliza?

Akaifungua sehemu ile ya programu, na raha ikakatika.

Kadi hupewa nafasi za kumbukumbu, thelathini na mbili kwa mkupuo, na ikimaliza kujaza nafasi huweka alama ya kwamba iko tayari. Zamani programu ilikagua alama zote thelathini na mbili. Miaka sita iliyopita mtu mmoja hodari aligundua kwamba kadi hujaza kwa foleni, ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa hiyo ukiiona ya mwisho iko tayari, za nyuma yake zimekwisha tu. Akaandika mstari mmoja wa kukagua ya mwisho peke yake, na mwendo ukaruka. Ila kadi mpya haikujua habari za foleni. Ilikuwa na mikono minne inayofanya kazi kwa pamoja, na mkono mmoja uliweza kumaliza nafasi ya thelathini na mbili huku mwingine bado uko kwenye ya kumi. Programu ikiiona ya mwisho, inazibeba zote na kuzirudisha kwa kiini, kiini kinaweka mambo yake humo, kisha ule mkono wa nyuma unakuja na kuandika juu yake. Mtu yule hodari alikuwa yeye. Mstari ule ndio uliompa jina.

Aliona aibu. Akainuka kwenda dirishani ili watu wasimwone. Kisha akampigia simu dada yake mkubwa, mkunga, ambaye hutangulia kucheka kabla ya kusikiliza.

"Umekosea?" dada akauliza, alipokwisha kuelezwa.

"Nimekosea. Na nimemwandikia mtu mwingine kosa langu."

"Na yeye ana watoto?"

"Wawili. Mapacha."

"Mdogo wangu, mbona unanipigia mimi? Kwani mimi ndiye nitakayefukuzwa saa nane?" Akakata simu.

Bi Mwendo akapiga moyo konde, akarudi kitini. Kurekebisha kulitaka mistari minne, na kazi hii aliijua. Kila nafasi ikaguliwe yenyewe. Mabadiliko ya Mama Pacha aliyaacha pale pale, makusudi. Saa sita na robo aliipa mashine mzigo kamili. Dakika ishirini zikapita. Ikapita nusu saa, ikapita saa. Mwendo ulishuka kutoka milioni tisa hadi milioni nane na laki sita, na mashine ilisimama kama haijawahi kuumwa.

Saa nane ilipogonga, akaingia ofisini kwa Meneja bila kubisha hodi sawasawa. Mama Pacha alikuwa amekwisha kuketi, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba ulioachwa wazi ilionekana picha ya watoto wake, iliyokuwa ikikaa mezani kwake.

"Nimekuja kulamba matapishi yangu," alisema Bi Mwendo, akiwa bado amesimama. "Ile karatasi ya jana ni ya uongo. Sikukusudia, lakini ni ya uongo. Kosa ni langu, la miaka sita." Akaeleza yote, kadi na foleni na mikono minne, akaweka matokeo ya majaribio mezani.

Meneja alisikiliza huku akizungusha kalamu. Alikuwa mtu anayependa mambo yakae kimya. "Sasa Bi Mwendo, si tuseme tu kadi mpya ni mbovu? Turudishe ya zamani, milioni tisa zako zirudi, yaishe."

"Kadi haina ubaya. Kitabu chake kinasema wazi kwamba haiahidi foleni. Hata kitabu cha ile ya zamani hakikuahidi. Ni mimi niliyeona inafanya hivyo nikadhani ni sheria. Siwezi kubebesha simu za dharura juu ya nadhani yangu." Akavuta pumzi. "Na huyu asipobaki, hiyo sahihi yangu usiniombe tena kwenye jambo lolote."

Meneja akaichukua barua iliyokuwa mbele yake, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo. "Rudini kazini," alisema. "Na fundi wa nyaya apewe nafasi kwenye daftari."

Ukumbini walitembea pamoja mpaka mezani kwa Mama Pacha. Bi Mwendo alikuwa anangoja asante. Hakuiomba, lakini alikuwa anaingoja, na akajiandaa kuipokea kwa unyenyekevu.

Mama Pacha akairudisha picha ya watoto mahali pake, akaisawazisha kwa kidole.

"Mstari ule niliuona wiki ya pili," alisema. "Nikajiuliza, kama ya katikati haijamaliza je? Nikausoma siku nzima. Halafu nikaona jina lako juu yake, nikajua mimi ndiye sijaelewa."

Bi Mwendo akaegemea meza. Maneno yale yalimuuma kuliko kikao kizima. Siku kumi na moja jibu lilikuwa limekaa meza ya tatu kutoka kwake, na kilicholifunga mdomo ni jina lake.

"Yapo mengine?" aliuliza mwishowe, sauti chini. "Mengine yangu, ambayo hukuyaelewa?"

Mama Pacha akamtazama kwanza, kama anayepima uzito wa swali. Kisha akafungua kompyuta.

"Saba," alisema.

Bi Mwendo akavuta kiti, akaketi kando yake, akanyoosha goti lake bovu chini ya meza, akamwambia aanze na lile baya kuliko yote.